Dawa Moja, Kazi Mbili: Historia Kutoka Mpaka wa Busia na Tororo

(Muziki wa kipindi. Unapungua na kubaki chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Kipindi hiki kinasikika Nakivale, Kyaka, Kiryandongo, Kakuma, Nyarugusu, na katika kambi nyingine. Karibuni katika kipindi chetu cha afya na historia. Nakala hii mnayoishika mkononi ni ya vikundi vya wasikilizaji, ili aliyekosa kusikia redioni asome, na asiyesoma asomewe na jirani yake.

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo kila mtu aliyewahi kupanga foleni ya dawa analijua: madhara ya dawa. Umepewa vidonge vya ugonjwa mmoja, halafu tumbo linavuruga, au kichwa kinazunguka, au ngozi inawasha. Dawa imefanya kazi iliyotumwa, kisha ikafanya na kazi ambayo haikutumwa.

Mara nyingi kazi hiyo ya pili ni ya kuudhi, na mara nyingine ni ya hatari. Lakini katika historia ya tiba kuna jambo la kushangaza. Baadhi ya dawa tunazozitegemea leo zilizaliwa kutokana na kazi hiyo ya pili, kwa sababu kuna mtu aliiona, akaisema, na mwingine akaiandika. Na sehemu ya historia hiyo imeandikwa karibu na sisi, katika nchi ya mpakani kati ya Uganda na Kenya.

(Muziki mfupi.)

Bulumbi na majirani zake

Bulumbi ni gombolola katika wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda. Upande wa mashariki kuna mpaka wa Kenya, na ng'ambo ya mpaka kuna Busia nyingine, ya Wakenya. Kaskazini kuna Tororo na mwamba wake mkubwa unaoonekana kutoka mbali. Kusini kuna Ziwa Victoria. Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka, Wateso vilevile, na wanaoana, wanazikana na kufanya biashara kana kwamba mpaka ni njia tu ya kuvuka.

Wakimbizi nao wanaijua nchi hii. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi Kenya, maelfu ya watu walivuka kupitia Busia na Malaba. Wengi walipokelewa katika kambi ya muda ya Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Katika umati wa namna hiyo hawakosekani watu wanaomeza dawa kila siku, ambao kadi zao zimebaki nyumbani au zimeungua. Tulikumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Nchi hii ina mbu wengi sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mtu mmoja huko Tororo aliumwa mara 562 kwa mwaka na mbu wenye vimelea vya malaria. Hiyo ni zaidi ya mara moja kila usiku. Ndiyo maana watafiti wa malaria, Waganda na wa kutoka nje, wamefanya kazi huko miaka mingi.

Tutataja dawa tatu zilizochunguzwa Tororo na Busia. Lakini mbili kati ya hizo ni za ukoo mmoja, ukoo wa salfa. Kwa hiyo tuanze na historia ya ukoo huo, hata kama itatupeleka Ulaya kwa dakika chache.

Ukoo wa salfa

Mwaka 1935, daktari Mjerumani Gerhard Domagk alitangaza kwamba rangi moja nyekundu iliyotengenezwa kiwandani iliponya panya walioambukizwa bakteria hatari. Rangi hiyo iliitwa Prontosil. Ndani yake kulikuwa na kemikali ya salfa, na kutoka hapo zikatengenezwa dawa nyingi za salfa. Kabla ya penisilini kuenea, hizo ndizo zilizookoa wenye vidonda vilivyooza, nimonia na homa ya uzazi.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, homa ya matumbo ilizuka katika mji wa Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Chakula kilikuwa haba na wagonjwa walikuwa dhaifu. Daktari Marcel Janbon aliwapa aina mpya ya salfa. Baadhi yao walianza kutetemeka, wakapata degedege, na wengine walikufa. Janbon alitambua kwamba sukari katika damu yao ilikuwa imeshuka mno.

Daktari mwingine angeweza kuitupa dawa hiyo na kunyamaza. Janbon alimweleza mwenzake, Auguste Loubatières, naye akaichunguza kwa mbwa. Aligundua kwamba dawa hiyo hukichochea kongosho kitoe insulini zaidi. Basi akajiuliza: kinachomdhuru mtu mwenye njaa, je, hakiwezi kumsaidia mtu ambaye sukari yake iko juu kupita kiasi? Katika miaka ya 1950 vidonge vya kisukari vya jamii hiyo vilianza kuuzwa. Mjukuu wao mmoja anaitwa glibenklamidi, na huenda shangazi yako anaimeza mpaka leo. Hata sasa wanaoitumia huambiwa wasikose chakula, kwa sababu ile ile iliyoonekana Montpellier.

Ukoo huo huo ulizaa dawa nyingine kwa njia kama hiyo. Wagonjwa waliopewa salfa za mwanzo walionekana mkojo wao kubadilika. Mwaka 1949, daktari William Schwartz wa Boston, Marekani, aliwapa salfa watu waliovimba kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, nao wakakojoa maji na chumvi iliyozidi mwilini. Salfa ile ilikuwa kali mno kwa matumizi ya muda mrefu, lakini ilionyesha njia. Watengenezaji wa dawa waliifuata, wakapata vidonge vya kupunguza maji mwilini na shinikizo la damu. Lasix, inayojulikana katika hospitali zetu nyingi, ni ya ukoo huo.

(Muziki mfupi.)

Septrin ilipofika Tororo

Sasa turudi nyumbani. Septrin ni salfa iliyounganishwa na dawa nyingine iitwayo trimethoprimu. Ililetwa kwa ajili ya bakteria: nimonia, kuharisha, maambukizi ya mkojo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, majaribio yaliyofanyika Côte d'Ivoire yalionyesha kwamba mtu mwenye virusi vya ukimwi akiimeza kila siku anapata magonjwa machache. Lakini Afrika Mashariki wengi walikuwa na shaka. Walisema bakteria wa huku wameizoea Septrin kwa sababu inauzwa kila duka. Itasaidia nini?

Mwaka 2001, watafiti wakiongozwa na Jonathan Mermin walianza kufuatilia watu 509 wenye virusi vya ukimwi huko Tororo, pamoja na jamaa zao 1,522 wasio na virusi waliokuwa wakiishi nao. Wakati huo ARV zilikuwa bado hazijawafikia watu wa vijijini. Wahudumu walitembelea kila nyumba kila wiki. Waliuliza: nani ameumwa, nani ana homa, nani ameharisha, nani amelazwa? Baada ya miezi 5, wenye virusi walianza kupewa Septrin kila siku, na ziara za nyumbani ziliendelea.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Vifo vya wenye virusi vilipungua kwa asilimia 46. Kuharisha kulipungua kwa asilimia 35. Na malaria, ambayo siyo bakteria, ilipungua kwa asilimia 72.

Kwa nini malaria? Kwa sababu vimelea vya malaria hujitengenezea vitamini ya folati ili vizaliane, kama vile bakteria wengi wanavyofanya. Septrin hufunga njia hiyo kwa wote wawili. Dawa iliyotumwa kuwakamata bakteria ilimkuta mwizi mwingine katika njia ile ile, ikamkamata naye.

Kulikuwa na jambo jingine. Watoto wa nyumba hizo ambao hawakuwa na virusi, na ambao hawakumeza kidonge hata kimoja, nao waliumwa na kufa kwa uchache zaidi. Mzazi akiwa na nguvu analima, anachemsha maji, anampeleka mtoto kituoni mapema. Watafiti waliona pia kwamba mtoto aliyefiwa na mzazi alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Mwaka 2006 kundi hilo hilo la watafiti lilichapisha hesabu nyingine. Kabla ya dawa, watu 100 wenye virusi walipata malaria takriban mara 51 kwa mwaka. Walipopewa Septrin ikawa mara 9. Ilipoongezwa ARV ikawa chini ya mara 4. Ulipoongezwa na chandarua chenye dawa ikawa mara 2. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa Septrin kwa watu wenye virusi katika nchi zenye uwezo mdogo.

Kinu na mchi

Dawa ya pili ni ritonaviri. Ilianza kutumika Marekani mwaka 1996 kupambana na virusi vya ukimwi. Ilikuwa dawa ngumu. Kwa dozi iliyohitajika, watu walitapika, waliharisha na midomo yao ilikufa ganzi. Tena ilikuwa na tabia moja mbaya: ilivuruga dawa nyingine ambazo mgonjwa anatumia.

Ili kuelewa tabia hiyo, fikiria ini lako kama kinu. Ndani yake kuna vimeng'enya vinavyofanya kazi ya mchi: vinazitwanga dawa hadi zinakwisha nguvu na kutoka mwilini. Ritonaviri huushika mchi. Dawa nyingine zikiingia hazitwangwi, zinabaki katika damu muda mrefu na kwa wingi. Kwa baadhi ya dawa hiyo ni hatari kubwa.

Lakini kuna dawa nzuri za ukimwi ambazo ini lilikuwa likizitwanga haraka mno. Watafiti walijaribu kuzipa ritonaviri kidogo tu, siyo ya kuua virusi, bali ya kushika mchi. Ikafaulu. Tangu hapo ritonaviri ikawa msaidizi wa dawa nyingine, na ile kasoro yake ndiyo ikawa kazi yake. Lopinaviri iliunganishwa nayo katika kidonge kimoja. Miaka mingi baadaye, mwishoni mwa mwaka 2021, ritonaviri hiyo hiyo ilipewa kazi ya kusaidia dawa mpya ya korona, Paxlovid.

Sasa Tororo inaingia wapi? Watafiti, akiwemo Jane Achan wa Uganda, walifuatilia watoto wadogo wenye virusi vya ukimwi huko Tororo. Wengine walipewa ARV zenye lopinaviri na ritonaviri, wengine ARV za aina nyingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Watoto wa kundi la lopinaviri na ritonaviri walipata malaria kwa asilimia 41 pungufu.

Sababu kubwa ilikuwa ule mchi. Mtoto akipata malaria alitibiwa kwa Coartem. Ndani ya Coartem kuna lumefantrini, na ritonaviri ilizuia isitwangwe haraka. Ikabaki katika damu siku nyingi zaidi, ikamlinda mtoto asipate malaria nyingine upesi baada ya kutibiwa.

Msichukue habari hii kuwa lopinaviri ni dawa ya malaria. Haikuwa hivyo, na siku hizi watoto wengi wanapewa ARV nyingine. Tena mambo yanaweza kwenda kinyume. ARV iitwayo efavirenzi huufanya mchi utwange haraka zaidi, na utafiti mwingine wa Uganda ulionyesha kwamba watoto wanaoitumia hubaki na lumefantrini kidogo katika damu. Dawa mbili zikikutana tumboni, hazikutani kama wageni. Zinasaidiana au zinagombana.

(Muziki mfupi.)

Masafu: dawa iliyochoka, lakini bado inafanya kazi

Dawa ya tatu tunaikuta karibu kabisa na Bulumbi, katika hospitali ya Masafu, wilaya hiyo hiyo ya Busia. Ni SP, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Fansidar. Hii nayo ni ya ukoo wa salfa. Mama mjamzito akifika kliniki hupewa SP ameze pale pale mbele ya muuguzi, ili malaria isimdhuru yeye na mtoto.

Tatizo ni kwamba katika Afrika Mashariki vimelea vya malaria vimeizoea SP. Wanasayansi wakauliza: kwa nini tusiwape akina mama dawa yenye nguvu zaidi? Mwaka 2016 na 2017, wanawake wajawazito 782 wasio na virusi vya ukimwi walijiunga na jaribio huko Busia. Nusu walipewa SP kila mwezi, nusu walipewa dawa mpya zaidi iitwayo DP.

Kwa upande wa malaria, DP ilishinda wazi. Lakini watoto walipozaliwa na kupimwa, wale wa akina mama wa DP hawakuwa na afya bora kuliko wale wa SP. Hilo lilishangaza. Malaria imepungua sana, mbona uzito wa watoto haukuongezeka?

Watafiti walizirudia hesabu hizo pamoja na za majaribio mengine, na mwaka 2020 wakachapisha jibu. SP inasaidia uzito wa mtoto kwa njia ambayo haipiti kwenye malaria. Wengi wanadhani ni kwa sababu salfa inapambana pia na maambukizi mengine ya mama, na kwamba mama anaongezeka uzito vizuri. Swali bado linachunguzwa. Lakini tayari limebadilisha namna ya kufikiri. Dawa iliyokuwa ikihesabiwa kuwa imechoka imeonekana kuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyeituma, na wajawazito wanaendelea kupewa.

Ni nani aliyeona?

Wasikilizaji, tukiziweka hadithi hizi pamoja, tunaona kitu kimoja. Dawa haikujisema yenyewe. Montpellier kulikuwa na wagonjwa waliotetemeka na daktari aliyepima sukari yao. Tororo kulikuwa na akina mama waliojibu maswali ya homa na kuharisha kila wiki, miezi na miezi. Masafu kulikuwa na watoto waliowekwa kwenye mizani. Historia kwa kawaida hutunza majina ya madaktari. Lakini bila majibu ya wale akina mama, madaktari wasingekuwa na la kuandika.

Tujue pia kwamba kuona kulichelewa mara nyingine, na watu walilipa. Dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, na wajawazito walipewa kwa kichefuchefu. Hadi ilipoondolewa sokoni mwaka 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila mikono kabisa. Mwaka 1964, daktari Jacob Sheskin huko Jerusalem alimpa mgonjwa wa ukoma dawa hiyo ili apate usingizi, na vidonda vyake vya uchungu vikatulia. Leo inatumika kwa ukoma na kwa aina moja ya saratani, chini ya ulinzi mkali. Kazi ya pili ya dawa moja ilileta msiba, na nyingine ikaleta nafuu.

Kwa hiyo tofauti kati ya msiba na tiba mara nyingi ni hii: je, kuna aliyeuliza, na je, kuna aliyesema ukweli? Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humwumbua. Anayeficha madhara ya dawa naye yuko njia hiyo hiyo.

Na hapa ndipo tunapokumbuka Mulanda. Mkimbizi anahama na dawa yake, lakini mara nyingi anahama bila kadi yake. Anafika kituo kipya, muuguzi ana watu mia wanaomngoja, na swali la dawa unazotumia linapita haraka. Hapo ndipo hatari inapozaliwa. Mfano mmoja tu: mama mjamzito anayemeza Septrin kila siku hapaswi kupewa na SP, kwa kuwa zote mbili ni salfa na madhara yanaweza kuwa makali. Muuguzi hawezi kujua asipoambiwa.

Basi tunaomba mambo manne. Kwanza, taja kila dawa unayomeza, pamoja na za kienyeji, hata kama hujaulizwa. Kama hujui jina, beba pakiti. Pili, dawa ikikuudhi, usiiache kimya kimya na usimpe jirani. Rudi useme. Tatu, ukimeza Septrin, SP au salfa yoyote kisha ngozi ikatoka malengelenge, midomo ikachubuka au macho yakawa mekundu na kuuma, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Nne, dawa ikikufanyia jema usilolitarajia, liseme pia. Muuguzi akiliandika, halipotei.

Ukialikwa kushiriki utafiti, una haki ya kuuliza unahusu nini, una hatari gani, na una haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Wanawake wa Tororo na Busia walioshiriki walikuwa na haki hiyo, na wewe kambini unayo vilevile.

Hadi wiki ijayo, tunzeni afya zenu, na tunzeni kadi zenu. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Je, kuna mtu katika kikundi aliyewahi kuacha dawa kwa sababu ya madhara? Nini kilimzuia kurudi kituoni kusema?

2. Mtu akifika kambini bila kadi, atawezaje kumweleza muuguzi dawa alizokuwa akitumia?

3. Septrin ya mzazi iliwasaidia hata watoto wasioimeza. Ni mambo gani mengine ya afya ya mtu mmoja yanayoilinda nyumba nzima?